Mteremko wa Niru

Gurudumu la kushoto ndilo lililoanza. Lilizunguka pale pale bila kwenda mbele, kama gari lililonasa kwenye tope, ila tope halikuwepo hata chembe. Palikuwa na zege jipya, safi, linalong'aa, na mvua nyembamba ya asubuhi juu yake. Baba alisukuma tena. Kiti chake cha magurudumu kikarudi nyuma kidogo, kikapinda, nikamwona akigeuza shingo kunitafuta. Mimi nilikuwa chini, kwenye ukingo wa barabara, nimeshika mwavuli kama sanamu, kwa sababu alikuwa amenikataza nisimguse. Leo napanda mwenyewe, alisema tangu nyumbani, na mama akanikonyeza nimwache. Basi nilimwacha. Alipoanza kuteleza alilikamata bomba la kushikilia la pembeni kwa mkono wa kulia, kiti kikaendelea na safari yake kurudi chini, na mkono ukabaki juu. Nilisikia mfupa. Watu huniambia haiwezekani, mvua ilikuwa inanyesha na magari yanapita. Waache waseme. Mimi niliusikia.

Juu ya mteremko, mlangoni, alisimama mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Alikuwa ametoka kumpokea mfanyakazi wake mpya, na mkononi alishika koti la kazi la bluu alilomshonea baba. Alipiga kelele watu waje kusaidia, hilo sitamnyima. Lakini nilipoinua macho mara ya pili alikuwa analikunja lile koti, taratibu, mikono ndani, kama anavyokunja mtu nguo ya kurudisha kabatini.

Nirudi nyuma, maana ukiuanzia msiba katikati utadhani ni bahati mbaya tu.

Baba alikuwa fundi wa sakafu. Kwenye kazi walimwita Kioo. Alikuwa anapiga niru, ule uji mzito wa saruji unaopakwa juu ya sakafu mbichi na kusuguliwa kwa mwiko wa chuma mpaka ung'ae, na hakuna aliyempita. Wanawake waliapa kwamba wanaweza kuchana nywele kwa kujitazama sakafuni kwake. Uongo, lakini baba hakuwahi kuukanusha. Nyumbani kwetu tu ndiko sakafu ilikuwa na nyufa. Mama alipolalamika aliambiwa zamu yake inakuja, na zamu hiyo, nakwambia, mpaka leo haijafika.

Kundi lake lilikuwa na desturi moja. Kazi yoyote, iwe sebule ya mtu au ukumbi mzima, haikukabidhiwa kabla baba hajaipapasa. Alipiga magoti, akaweka kiganja cha kulia kwenye zege lililokwisha kukomaa, akakipitisha polepole huku amefumba macho, na mafundi wote wakasimama wamevua kofia wakimsubiri. Kisha alisema neno moja. "Imekaa," au "Bado." Akisema imekaa, wanakusanya vifaa. Akisema bado, inavunjwa, hata kama mwenye nyumba amesimama hapo na funguo mkononi na malori ya fanicha yanaunguruma nje. Niliwahi kumwona akisema bado mbele ya tajiri aliyekuwa na harusi ya binti yake wiki ile. Tajiri alifoka, akatishia, akabembeleza. Baba alikung'uta magoti akamuuliza wapi pa kutupa kifusi.

Halafu ubao wa jukwaa la ujenzi ulikatika, akaanguka, na miguu haikurudi tena.

Mwanzoni mafundi walikuja kila Jumapili. Baadaye walikuja Jumapili moja moja. Mwishowe walikuwa wanatuma salamu kwa simu ya mama. Sikuwalaumu. Namdanganya nani? Niliwalaumu sana, na niliwalaumu kwa majina yao yote na ya mama zao. Lakini kilichonikera zaidi ni wageni wengine, majirani na ndugu, waliokaa sebuleni mbele ya baba na kumuuliza mama, "Anaendeleaje? Anakula? Analala?" Mtu yupo hapo, anakutazama, ana masikio mawili. Baba hakuwasahihisha. Alikuwa anatazama ule ufa wa sakafu karibu na mlango, anaufuata kwa macho kutoka mwanzo mpaka mwisho, kisha anarudia. Mtu aliyekuwa akisubiriwa na ukumbi mzima sasa hata swali la kama amekula lilimruka.

Ndiyo maana mwenye duka alipokuja, nilimpenda hapo hapo. Alivuta kiti akakaa uso kwa uso na baba, si na mama. Alisema wateja wake wananunua saruji ya kupigia lipu wanakwenda kumwagia nguzo, halafu wanarudi kumtukana. Alitaka mtu wa kukaa kaunta na kuulizwa. Nilimwona baba akinyoosha mgongo. Mtu wa kuulizwa! Ungedhani ameambiwa atatembea.

Lipo jambo moja, alisema yule bwana. Duka lilikuwa kwenye jengo la biashara lililoinuliwa juu ya msingi mrefu, na ngazi zake zilikuwa zimemeguka. Hakutaka baba abebwe na wapagazi kila asubuhi mbele ya wateja. Si kwa ubaya, alisema, kama wasemavyo watu wanapokaribia kusema baya. Akiweza kuingia mwenyewe, kazi ni yake.

Na hapo ndipo tulipodhani bahati imetujia. Wakaguzi wa mji walikuwa wamempa mwenye jengo amri: ajenge njia za zege za watu wa miguu kuzunguka maduka yote, kingo za barabara zishushwe kwenye vivuko, na pawe na mteremko ambao mtu wa kiti cha magurudumu ataupanda bila msaada. Mwenye jengo alinung'unika kama mtu aliyeng'olewa jino, kisha akatafuta mafundi. Kazi ikaangukia kundi la baba. Sasa liliongozwa na mwanafunzi wake wa kwanza, kijana mrefu aliyelelewa nusu jikoni kwetu, ambaye sote tulimwita Pimamaji kwa sababu hata sahani ya chakula alikuwa haianzi kabla hajahakikisha meza haijainama.

Nilikuwa nashona sare kwenye karakana mtaa wa pili, kwa hiyo nilipita pale kwenda na kurudi. Nikawa mpelelezi wa baba. Jioni sijavua hata viatu, ananihoji. Wamechimba mpaka udongo mgumu au wamechezea juu juu? Mawe wameyashindilia? Nondo wameziinua au wamezilaza chini kama maiti? Nilijibu nilichoweza. Nilimweleza jinsi walivyokata viungo ili zege likitanuka lisipasuke ovyo, jinsi walivyolifunika kwa magunia na kuyamwagia maji mchana kutwa lisikaushwe na jua. Njia za kuzunguka maduka, nilimwambia, walizipiga ufagio zikiwa bado laini, zikabaki na mikwaruzo midogo ya kushika nyayo. Baba alitabasamu. "Vizuri," alisema. "Nje ni ufagio." Alikuwa anakula vizuri siku zile. Alimtania mama kwamba karibu atamsaliti na kaunta.

Mteremko waliuacha wa mwisho, na huo hawakunionyesha. Waliuzungushia mabati na maturubai, na nilipojaribu kuchungulia Pimamaji alinisukuma kwa utani, akasema ni zawadi ya mzee, niache umbea. Nilicheka. Nilikwenda nyumbani nikamwambia baba kuna zawadi, akanisihi nimwambie ni nini, nikamwambia hata mimi sijaonyeshwa.

Nimefikiri sana kuhusu akili zao, miaka yote hii, na baba sasa hayupo wa kunituliza. Hawakuwa wajinga. Walijua nje ni ufagio; mita chache tu kutoka pale walikuwa wameupiga wao wenyewe. Lakini ufagio kwao ulikuwa kazi ya kibarua, kazi ya njia ya kila mtu. Huu ulikuwa mteremko wa Kioo. Wangewezaje kumpa mwalimu wao kitu kilichokwaruzwa? Walimpa kile walichokithamini kuliko vyote, kile alichowafundisha yeye, na Pimamaji mwenyewe alipiga magoti akaisugua niru ile mpaka viwiko vikavimba. Mwenye jengo alipoona inavyong'aa alifurahi, akaona jengo limependeza. Wakaguzi wakaja siku ya jua kali, wakapima mwinuko, wakapima upana, wakatikisa bomba la kushikilia, wakaenda zao.

Walimfuata baba nyumbani kwa gari. Mama alikuwa amemnyoa. Walimshusha chini ya mteremko, wakajipanga pembeni, wakavua kofia.

Nilikuwa nimesahau ukimya ule. Hata mwenye jengo, ambaye mdomo wake haukujua kupumzika, alinyamaza bila kujua kwa nini. Baba aliinama kutoka kwenye kiti, mimi nikamshika mkanda asianguke, na akaweka kiganja chake juu ya zege. Akafumba macho. Alikipitisha mbele, akakirudisha. Halafu alifanya kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya: alilamba kidole, akakisugua tena pale pale, mara nyingi. Alipofumbua macho aliwatazama mmoja mmoja, mpaka Pimamaji, aliyekuwa ameikumbatia kofia yake kifuani. Nilidhani baba anakaribia kulia kwa furaha.

"Imekaa," alisema.

Walimkumbatia na kiti chake. Walimpigia makofi. Alipanda ule mteremko mbele yao, mkavu, jua linawaka, akafika juu bila shida, akageuka akapunga mkono, na mwenye jengo akampiga picha. Usiku ule nyumbani kulikuwa na vicheko. Ila wakati mama anamlaza, baba alimuuliza kama mvua zimekaribia. Mama akamwambia mbona mbingu ni nyeupe. Akasema haya.

Mvua ilinyesha siku ya kwanza ya kazi. Lililotokea nimeshalisema.

Mwenye duka alikuja kumwona na mfuko wa matunda, akasema nafasi ipo, apone kwanza. Ilikuwepo kweli, mpaka nilipopita dirishani kwake siku moja nikaona kijana ndani ya lile koti la bluu. Mikono ya koti ilikuwa mirefu kwake, ameikunja. Sikuingia. Ningeingia ningevunja kitu.

Mafundi walikuja wote, wakiongozwa na Pimamaji, wakabanana sebuleni kama watu waliofika msibani. Baba alikuwa na plasta kutoka vidoleni mpaka kwenye kiwiko. Pimamaji alianza kuomba msamaha, akashindwa, akalia waziwazi. Akasema anaiacha kazi hii, mikono yake ina laana. Nilimsubiri amalize, kisha nikawapa yote niliyokuwa nimeyahifadhi tangu zile Jumapili walizoacha kuja. Niliwauliza ni mafundi gani wasiojua maji. Niliwaambia hata mimi, fundi cherehani, najua nje ni ufagio. Niliwaambia wamemvunja mguu wa tatu, maana mkono ule ndio aliokuwa anatembelea. Mama aliniambia basi, mwanangu. Sikusikia.

"Nilijua," baba alisema.

Pimamaji akainua uso. "Ulijua nini, Fundi?"

"Kwamba itateleza. Nilijua nilipogusa tu." Alisema taratibu, akimtazama yeye peke yake. "Kwa hiyo futa machozi. Kazi ikishapokelewa si ya aliyeifanya tena, ni ya aliyeipokea. Niliipokea mimi."

"Lakini mbona hukusema bado?"

Nilimwona baba akitafuta jibu jingine, la heshima zaidi, na asilipate.

"Mlikuwa mmevua kofia," alisema.

Mama alisimama na sinia yake mlangoni, hajui aingie au arudi. Mimi nilitaka kumkumbatia baba na nilitaka kumtikisa. Mtu aliyemwambia tajiri bado mbele ya harusi! Alijua, na bado akapanda, asubuhi ile, kwenye mvua, mbele ya macho yangu, kwa sababu kurudi nyumbani kungekuwa kusema kwa sauti kile alichokimeza.

Alitaka kuwatua mzigo, na aliwatua. Niliuona ukiwatoka mabegani. Pimamaji alipumua, akajifuta uso, akanywa chai aliyowekewa. Lakini kuna kitu kingine kilichoondoka pamoja nao. Walipoaga walimpa mkono wa heshima kama kawaida, wakamwita Fundi kama kawaida, na Pimamaji akasimama kidogo mlangoni akimtazama baba kama mtu anayetazama ukuta wa nyumba yake na kuona kwamba umepinda siku nyingi.

Waliuvunja mteremko kwa gharama yao. Niliwasikia kutoka karakanani, nyundo kwa nyundo. Walimwaga upya, na safari hii hapakuwa na maturubai. Kila mpita njia aliwaona wakiuburuzia ufagio. Baba alinihoji tena jioni, kama zamani. Magunia yamelowa? Wamewahi ufagio kabla halijakaza? Nilimjibu kwa ufupi, bado nina kinyongo, lakini nilimjibu. Siku moja nilirudi mapema nikamkuta mezani peke yake. Alikuwa amefumba macho na anapitisha kiganja cha kushoto juu ya mbao, mbele na nyuma, anaanza upya, mbele na nyuma. Mkono wa kulia ulikuwa bado ndani ya plasta. Nilirudi nje kimyakimya nikaita kutoka uani, ili apate kujitengeneza.

Pimamaji alikuwa amemtajia mama siku ya kukabidhi. Asubuhi ya siku hiyo baba aliomba shati jeupe. Mama alimfunga vifungo mpaka shingoni. Baba akasogeza kiti chake karibu na mlango, mahali ambapo gari likipinda kona utalisikia, akaniambia niende kazini, atanisimulia.

Jioni nilipita kwenye jengo. Mteremko ulikuwa wazi. Mwanamke alikuwa anasukuma kigari cha mtoto kwenda duka la dawa, haangalii hata chini. Mpagazi alipandisha toroli la saruji. Pimamaji alikuwa nyuma ya jengo peke yake anapakia ndoo na mbao, na aliponiona akaendelea kupakia.

Nilimuuliza kama wamekabidhi. Asubuhi, alisema. Nilimuuliza nani aliipapasa. Alinyoosha kiganja chake mwenyewe, kilichochanikachanika kwa saruji, kisha akakiteremsha.

Nilikuwa na matusi tayari. Nilikuwa nayo tangu nilipouona ule mteremko kwa mbali.

"Dada," alisema, "watu watapita hapa."

Niliupanda mteremko kwa miguu yangu kutoka chini mpaka juu, nikiburuza viatu, nikitafuta kosa. Ulikuwa mzuri. Nilitamani uwe mbaya.

Nyumbani baba alikuwa bado mlangoni, na shati lake. Chakula cha mchana kilikuwa kimefunikwa mezani. Mama alinitazama kutoka jikoni akatikisa kichwa, kuniambia nisimuulize kitu.

"Wamekabidhi?" baba aliuliza.

"Wamekabidhi."

"Imekaa?"

"Imekaa, baba. Nimeupanda mwenyewe."

"Nani aliipokea?"

Nilimwambia. Aliitikia kwa kichwa polepole, kama anayepima jibu la mwanafunzi na kuliona sahihi.

"Vizuri," alisema. "Huyo atasema bado."

Kisha akaanza kufungua vifungo kwa mkono wa kushoto. Nilimsogelea nimsaidie, akaniambia niache. Cha shingoni kilimchukua muda mrefu. Cha pili kikamshinda, akakiacha, akaomba apewe chakula chake, na alikula hivyo hivyo, na shati jeupe, huku mama akimwekea kitambaa kifuani lisichafuke.